Kesi za madai za ajabu: zinaanguka kwa uajabu wake au kwa karatasi?

#1 Wakili wa Vuga
Assalaam alaykum. Kila baada ya siku mbili tatu inazunguka kwenye simu zetu habari ya kesi ya ajabu. Mtu kamshitaki dobi dola milioni 54 kwa suruali. Mwengine kadai ndege ya kivita kwa pointi za soda. Watu wanacheka, halafu swali linakuwa moja: kwani mahakama inapokea kitu kama hichi?

Inapokea, na inafaa ipokee. Karani wa masjala hapimi uajabu. Anatizama hati ya madai kama ina majina na anwani za mdai na mdaiwa, nini kilitokea na lini, kwa nini mahakama hii na si nyengine, thamani ya madai, unachoomba, na uthibitisho uliotiwa saini. Ada ikilipwa, kesi inapata namba.

Hoja yangu ni kuwa kesi hizi haziangushwi na uajabu. Zinaangushwa na yale yale yanayoangusha kesi ya kiwanja Mwera: wito haukumfika mdaiwa, hakuna msingi wa madai, ushahidi ni wa kusikia, au kiasi kinachodaiwa hakina hesabu. Tizameni kesi ya Nebraska, Marekani. Mwaka 2007 seneta wa jimbo, Ernie Chambers, alimfungulia kesi Mungu akiomba zuio la kudumu dhidi ya maafa. Oktoba 2008 Jaji Marlon Polk akaifuta. Hakutaja kufuru. Alisema mdaiwa hana anwani ya kupelekewa wito, basi kesi haiwezi kuendelea.

Katika hayo manne, nyie mnaona lipi linaangusha zaidi?

#2 Mtoto wa Wete
Astaghfirullah. Huyo seneta alikuwa anatafuta sifa tu. Na yule bibi wa kahawa ya McDonald's kapewa mamilioni kwa kujimwagia mwenyewe huku anaendesha gari. Wito ulifika, karatasi zilikamilika, na msingi wa madai sijauona mpaka leo. Kwa hiyo hoja yako inakatika hapo, Wakili.

#3 Hidaya wa Mbweni
Mtoto wa Wete, hiyo ya kahawa umeipata kwenye vichwa vya habari. Bibi huyo, Stella Liebeck, alikuwa na miaka 79, Albuquerque, mwaka 1992. Hakuwa anaendesha. Alikaa kiti cha abiria, gari limesimama, anaendesha mjukuu wake. Akakibana kikombe magotini afungue kifuniko atie sukari na maziwa, kikamwagika chote mapajani. Suruali yake ilikuwa ya kitambaa kinachonyonya, ikaishika kahawa kwenye ngozi. Kaungua mpaka ndani ya ngozi, kalazwa siku 8, kafanyiwa upasuaji wa kupandikizwa ngozi.

Mwanzo aliomba dola 20,000. Kampuni ikamwambia chukua 800. Ndipo wakaenda mahakamani. Kilichobeba kesi ni nyaraka za kampuni yenyewe: kahawa ilikuwa ikitolewa kwa nyuzi joto 82 mpaka 88 za Selsiasi, wakati ya nyumbani inanywewa kwenye 60 hivi, na malalamiko zaidi ya 700 ya watu walioungua yalikuwa yamo kwenye mafaili kwa miaka kumi.

Na hizo milioni: baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia ya 200,000, likatoa asilimia 20 kwa kosa lake mwenyewe, ikabaki 160,000. Adhabu ya milioni 2.7 jaji aliishusha mpaka 480,000. Baada ya hapo wakamaliza kwa sulhu, na kiasi cha sulhu hakikutangazwa.

#4 Mtoto wa Wete
Ahsante Bi Hidaya, la gari nimelikubali. Lakini kahawa ya barazani Jaws Corner, Mji Mkongwe, inatoka kwenye dele lililokaa juu ya makaa, inachemka. Mbona hapo hajashitakiwa mtu?

#5 Hidaya wa Mbweni
Kikombe cha baraza ni cha kufunikwa na kiganja. Kinatiwa nusu, hakina kifuniko, unamuona muuzaji anamimina mbele yako, na umekaa kitako. Ikimwagika, ni matone ya vidoleni. Pale Albuquerque ni kikombe kizima, kimefunikwa, mnunuzi yumo garini. Sheria haiulizi kama kitu ni cha moto. Inauliza kama aliyekitoa alijua kinaunguza kiasi gani, na kama mnunuzi alikuwa na njia ya kujua.

#6 Karani wa Masjala
Naomba nikae kwenye wito, maana Wakili kaligusa kisha kaliacha, na hapa kesi nyingi zinakwama miezi.

Kesi ya Nebraska ina ndugu yake mkubwa. Mwaka 1971, Pennsylvania, mtu alimshitaki Shetani na wafanyakazi wake kuwa wanamwekea vikwazo maishani. Aliomba asilipe ada. Mahakama ilikataa, na moja ya sababu ilikuwa kwamba hakuambatanisha maelekezo ya wapi ofisa apeleke wito.

Huku kwetu utaratibu unafuata Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 8. Unaleta nakala ya hati ya madai kwa kila mdaiwa, mbali na ya mahakama. Mpeleka wito anakwenda na nakala mbili za wito: moja anaiacha, moja inarudi na saini ya aliyepokea. Mdaiwa akikataa kusaini, au hayupo na hakuna mtu mzima wa nyumba anayeweza kumpokelea, unabandikwa mlangoni, kisha mpeleka wito anaandika siku, saa, na nani alimuonesha nyumba. Hapo ndipo sheha, kiongozi wa mtaa, anapokuwa na kazi. Bila ya mtu aliyethibitisha kuwa ile ndiyo nyumba, mdaiwa atakuja baada ya hukumu ya upande mmoja aseme sikuwahi kuona kitu, na hukumu itatenguliwa. Asipopatikana kabisa, unaomba kwa kiapo wito utangazwe gazetini.

Makosa ninayoyajua: jina la utani limeandikwa peke yake, "Mpendae" bila ya kusema karibu na nini, mdaiwa kahamia Dar na mdai anajua lakini hajasema, wito kapewa mtoto wa skuli. Kwa hiyo katika manne ya Wakili, mie nasema wito ndio namba moja.

#7 Shamba la Eka Tatu
Karani, wito unachelewesha. Hauui. Unarekebisha anwani unaendelea. Kinachoua ni kudai kitu ambacho hujakitambulisha.

Chukua kesi za miti, ambazo kwa mtu wa nje ni za ajabu kuliko ya suruali. Kwetu mtu anaweza kumiliki mikarafuu au minazi na ardhi ikawa ya mwengine. Kwengine wanasema kilichoota kwenye ardhi kinafuata ardhi. Hapa mila ilitenganisha zamani, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 imetambua hivyo. Ongeza eka tatu zilizogaiwa baada ya 1964, mirathi ya vizazi viwili juu yake, unapata shamba moja lina watu kumi na wanne wa miti.

Mdai anaandika "nadai mikarafuu yangu iliyoko shamba la Mtambwe". Mingapi? Ipi? Mahakama ikimpa haki, dalali wa mahakama anafika na hukumu mkononi anakuta mikarafuu mia mbili. Hukumu haikaziki.

Inavyotakiwa: nendeni shambani pamoja na sheha na majirani wa mipaka, kila mti mnaodai mtieni alama ya chokaa na namba, mchore ramani ya mkono inayoonesha njia, kisima, na umbali wa hatua kutoka mti wa mpaka. Kila namba iandikwe nani kaupanda, nani kauchuma msimu wa mwisho, pishi ngapi mbichi zilitoka. Risiti za kuuzia karafuu ZSTC, shirika la biashara la serikali, ziwekwe kwa mwaka. Na shahidi akisema mti kaupanda miaka minne nyuma nao unachumwa kwa ngazi, mwanasheria wa upande wa pili amalizie hapo hapo, kwani mkarafuu unataka miaka sita hivi au zaidi ndio uanze kuzaa.

#8 Darajani Kwetu
Mie nipo na hesabu. Ile ya suruali ndiyo inayonionesha. Washington, 2005, mdai mwenyewe alikuwa jaji wa mambo ya utawala, Roy Pearson. Suruali imepotea kwa dobi, akaanza kudai dola 54 milioni.

#9 Hidaya wa Mbweni
Alianzia milioni 67. Hamsini na nne ni baada ya kupunguza, karibu na kusikilizwa 2007. Na dobi alisema suruali imepatikana, mdai ndiye aliyeikana kuwa si yake.

#10 Darajani Kwetu
Ahsante kwa sahihisho. Sasa tizameni ile hesabu ya juu ilivyojengwa. Alichukua sheria ya kumlinda mlaji ya Washington, akasema kila kosa kwa siku ni dola 1,500. Makosa 12. Siku 1,200. Wadaiwa watatu: baba, mama, mtoto. Pigeni:

1,500 × 12 = 18,000
× 1,200 = 21,600,000
× 3 = 64,800,000

Juu yake akaweka na gharama ya kukodi gari kila wikiendi miaka kumi apeleke nguo kwa dobi mwengine. Hesabu yenyewe ya kuzidisha haina kosa. Kosa ni mguu wake wa kwanza: alisema bango la dukani lililoahidi mteja ataridhika ni ahadi isiyo na mpaka, kwamba mteja akisema sijaridhika basi alipwe anachotaka. Jaji Judith Bartnoff alisema mtu mwenye akili za kawaida halisomi bango hivyo. Madai yote yakaanguka, hakupata hata senti.

Kwa hiyo, Shamba, mtu anaweza kukitambulisha anachodai mpaka tarakimu ya mwisho na bado akakosa.

#11 Wakili wa Vuga
Darajani umegusa pazuri: bango ni ahadi lini? Wekeni kesi mbili pamoja.

London, 1892. Kampuni ya Carbolic Smoke Ball ilitangaza itampa pauni 100 yeyote atakayetumia kidude chao cha kuvuta moshi mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, kisha akapata mafua ya influenza. Bi Carlill katumia kama ilivyoelekezwa, kaugua, kadai. Kampuni ikasema lile tangazo lilikuwa la kupamba biashara tu. Mahakama ya Rufaa ikampa pauni zake 100.

New York, 1999. Pepsi ilionesha kwenye televisheni kijana anatua skuli kwa ndege ya Harrier, maandishi yakasema pointi milioni 7. Kijana mmoja akagundua kanuni zinaruhusu kununua pointi kwa senti 10, akapeleka pointi 15 za asili pamoja na cheki ya dola 700,008.50. Ndege hiyo bei yake ni kama dola milioni 23. Jaji Kimba Wood alikataa.

Kwa nini mmoja kapata mwengine kakosa? Tangazo la London lilisema wameweka pauni 1,000 katika Benki ya Alliance kuonesha hawatanii. Ile fedha ya benki ndiyo iliyoyageuza maneno kuwa ahadi. Ya Pepsi haikuwa na kitu kama hicho, katalogi ya zawadi haikuitaja ndege, na hakukuwa na maandishi yaliyosainiwa kama sheria ya huko inavyotaka kwa mauzo ya thamani hiyo. Sura ya 149 yetu ya mikataba ina asili ya sheria ya India ya 1872, na humo pia kutimiza sharti la ahadi ni kuikubali. Mwenye duka la simu Darajani anayebandika "ukipata rahisi kuliko hapa nakulipa tofauti" ajue kabandika kitu gani.

#12 Mtoto wa Wete
Mimi na Shetani wa Pennsylvania bado. Mwaka 1995 Pemba kote watu walilala nje kwa makundi kwa ajili ya popobawa, lile jini linalosemwa huwavamia watu usiku, ikavuka mpaka Unguja. Mtu aliyesema kadhuriwa, angeweza kudai?

#13 Bi Makunduchi
Kumdai popobawa, hapana, utaishia pale pale kwenye anwani. Lakini usilitupe swali, kwa sababu kila panapotokea mambo haya kuna jirani anayenyooshewa kidole: "fulani ndiye anayemfuga". Hapo pana mtu, pana nyumba, na pana maneno. Hiyo ni kashfa, na mtu huyo ana haki ya kudai.

Inapokosewa ni hapa. Mdai anaandika "mdaiwa alinitukana kuwa mimi mchawi". Haitoshi. Hati ya madai iyabebe maneno kama yalivyotamkwa, kwa Kipemba chake au Kimakunduchi chake, usiyanyooshe yawe Kiswahili cha redioni. Wapi yalisemwa, siku gani, mbele ya nani. Lazima pawe na mtu wa tatu aliyesikia. Mkitukanana wawili chumbani kashfa haijasambaa kwa mtu. Kisha onesha kilichopotea: mteja aliyeacha kununua mandazi, posa ya mtoto iliyorudishwa, uongozi wa kikoba ulioondolewa. Maneno yakitoka mwezi wa karafuu na kesi ikaja baada ya miaka, mashahidi watatu watasema maneno matatu tofauti.

#14 Karani wa Masjala
Bi Makunduchi kaniunga mkono bila ya kujua. Pana nyumba, wito unafika.

#15 Bi Makunduchi
Nakuunga kwa popobawa tu, Karani. Kwenye kashfa mahakama inashindwa kwa maneno yaliyonyooshwa, na hapo wito ulifika zamani.

#16 Fundi Chokaa
Mie si mwanasheria, natengeneza nyumba za Mji Mkongwe na huitwa kutoa maelezo ya ufundi. Kesi zinazoonekana za ajabu ni zile za ghorofa ya juu ya huyu na chini ya yule, pengine moja ni ya wakfu. Choo cha juu kinavuja, wa chini anadai, wa juu anasema ni unyevu wa ardhi unapanda. Wote wana picha za ukuta ulioota chumvi na picha hazisemi kitu.

Fanyeni hivi kabla ya kwenda kwa wakili. Muiteni sheha na mwenye nyumba ya juu. Mimineni juu ndoo mbili za maji yaliyotiwa rangi ya chakula, nyekundu au buluu, kila mahali kwa zamu yake, mkisubiri siku mbili kabla ya kuhamia pengine: kwanza chini ya bomba la kunawia, kisha tundu la choo, mwisho kona ya kuogea. Andikeni saa ya kumimina na saa rangi ilipotokea chini. Isipotokea kwa siku mbili, maji yanatoka kwengine, na mdai akubali.

Na ufa: usiupige picha mara moja. Tia kipande cha plasta chembamba kukatisha ufa, andika tarehe juu yake kwa penseli, piga picha na rula pembeni. Rudi kila wiki mbili. Plasta ikipasuka, ukuta unakwenda. Ikibaki nzima, ule ni ufa uliotulia. Tizameni pia vichwa vya boriti vinapoingia ukutani. Bisbisi ikizama kama kwenye boga, maji ni ya muda mrefu. Na kama mdai mwenyewe kapiga saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa, atajibu hilo, kwani saruji inafungia unyevu ndani na ukuta unamenyeka hata bila ya choo cha mtu.

#17 Darajani Kwetu
Fundi, hii ya rangi naichukua.

#18 Juma wa Mbagala
Habari zenu kutoka bara. Hizi kesi zikishindwa huko, hata za ndoa na mirathi kwa kadhi, si zote zinakuja Mahakama ya Rufani?

#19 Wakili wa Vuga
Karibu ndugu. Za madai ya kawaida zinakwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar. Zilizoanzia Mahakama ya Kadhi haziendi, zinaishia Mahakama Kuu ya Zanzibar. Ndiyo maana mtu anayedai mahari au nafaka, yaani matunzo ya mke, asianze kwa kuchagua mlango vibaya. Hilo nalo linaangusha kesi, la tano, nililisahau.

#20 Hidaya wa Mbweni
La sita basi: kumkana wakala wako. Canada, 2024. Abiria aliyefiwa aliuliza mashine ya mazungumzo kwenye tovuti ya Air Canada kuhusu nauli ya msiba. Ikamjibu anaweza kuomba punguzo ndani ya siku 90 baada ya kukata tiketi. Kampuni ikakataa, sera yake inasema vyengine. Kwenye baraza la usuluhishi ikajitetea kana kwamba ile mashine ni mtu mwengine anayejibeba mwenyewe. Ikashindwa, ikalipa kama dola 812 za huko. Alichokuwa nacho abiria ni picha ya skrini ya yale mazungumzo. Wenye hoteli za Nungwi na Paje wanaoweka mashine kama hizo wasome hukumu ile. Na mgeni naye asifute ujumbe wa asili baada ya kupiga picha. Tarehe na namba zionekane, na simu yenyewe awe tayari kuileta.

#21 Shamba la Eka Tatu
Na yule nyani wa Indonesia aliyejipiga picha? Kima punju wa msitu wa Jozani akinyakua simu ya mtalii, picha ya nani?

#22 Hidaya wa Mbweni
Si ya kima. Mahakama ya Rufaa ya San Francisco ilisema 2018 kuwa sheria ya hakimiliki ya Marekani haimpi mnyama haki ya kushitaki. Mpiga picha mwenye kamera, aliyeshitakiwa kwa jina la nyani huyo, alikuwa ameshakubali kwa sulhu kutoa asilimia 25 ya mapato ya baadaye kwa hifadhi za nyani hao. Kwa hiyo hapo mdai ndiye aliyekosa sifa, mdaiwa alijulikana na wito ulifika. Karani anisamehe.

#23 Karani wa Masjala
Sikusamehe bado. Nani alisaini uthibitisho wa hati kwa niaba ya nyani? Hilo ni la karatasi, si la nyani.

#24 Darajani Kwetu
Kabla hamjaendelea na nyani, nirudi kwa dobi. Familia ile ilishinda 2007, na mwaka ule ule ikauza duka lilelile la kesi, kwa hasara na uchovu. Mawakili wao walilipwa kwa michango ya watu. Sasa Wakili, mdaiwa wa hapa aliyeshinda kesi kama ile, fedha zake anazirudisha vipi?

#25 Wakili wa Vuga
Aombe gharama kwenye majibu yake ya madai tangu mwanzo, na hukumu iseme "pamoja na gharama". Kisha analeta bili ya gharama ipimwe: tarehe moja, kazi moja, kiasi kimoja kwa kila mstari, na risiti yake. Ada za mahakama, nauli za mashahidi, malipo ya wakili. Mdaiwa anayetoka Mkoani, Pemba, kuja Unguja kwenye kesi aweke kila tiketi ya boti. Mstari usio na risiti unakatwa. Siku za duka kufungwa hazimo kwenye bili hiyo, hata ukiwa na daftari la mauzo. Hizo ni kesi nyengine, na kuishinda ni lazima uoneshe kuwa mdai alikushitaki kwa nia mbaya bila ya sababu yoyote ya maana.

#26 Darajani Kwetu
Na yule jaji wa suruali, kwa mizani hiyo, alikuwa na nia mbaya au aliamini?

#27 Bi Makunduchi
Aliamini. Alikwenda mpaka rufaa.

#28 Mtoto wa Wete
Kwenda rufaa si ushahidi wa kuamini, Bi. Ni ushahidi wa kuwa na nauli.